Mcheza Kwao, Mlango Umefungwa

Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Au cheka, ukimaliza tuendelee. Mimi ni kijana wa miaka 26, mwanamume, nimeishia kidato cha nne, naishi chumba kimoja cha kupanga huku Temeke, na karibu mwaka mzima sasa najifunza baleti. Naam, baleti, ile densi ya kunyoosha shingo na kutembea kwa vidole. Najifunza peke yangu chumbani, jioni nikitoka kazini. Kwa miezi minane ya mwanzo nilijifunza komeo likiwa limefungwa na pazia limeshushwa.

Sitaki tupoteze muda kubishana kama mwanamume mzima wa Temeke anaweza kucheza baleti. Anaweza: kidogo, vibaya, na kwa jasho jingi. Swali langu ni jingine. Mtu akifanya jambo lisilo na ubaya wowote, halafu akalificha, je, amemkosea mtu? Zamani ningekujibu haraka kwamba hajamkosea yeyote, chumba ni chake na kodi analipa mwenyewe. Siku hizi sijibu haraka.

Nianze mwanzo. Kazi yangu ni kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu katika duka la steshenari. Kutwa nimeinama. Mtaani wananiita Kaka Fotokopi. Usiku naandika riwaya katika kaunta buku, na sasa niko kwenye ya tatu. Kuinama mchana na kuinama usiku, mgongo ukaanza kudai haki yake. Mshikaji mmoja akanirushia kwenye simu video za kunyoosha viungo, na ya mwisho ilipokwisha ikajileta nyingine ambayo sikuiomba. Mwalimu, mama wa makamo, ameshikilia mti wa ukutani, anafundisha watu wazima wasiojua kitu. Hakuruka wala hakuzunguka. Alikunja magoti taratibu, akayanyoosha, basi. Nikaitazama mara tatu mpaka bando likaisha. Sikuwahi kuona mtu akilikunja goti kwa heshima namna ile.

Kesho yake nikaanza. Kiti changu cha plastiki kilikuwa chepesi, nilipokishika kikanifuata, kwa hiyo nikaamua kushika mbao ya kichwani mwa kitanda. Nikavaa soksi. Kioo nilikuwa nacho cha kunyolea tu, kinaonyesha kidevu; nikaenda kununua kipande cha kioo cha kabati kilichopasuka pembeni.

Mtu asiyejua hudhani baleti inaanza kwa kuruka. La hasha, inaanza kwa kusimama. Miguu ina mikao mitano, nayo iliwekewa utaratibu huko Ufaransa katika karne ya 17 na Pierre Beauchamp, mwalimu wa densi wa Mfalme Louis wa 14. Mkao wa kwanza, visigino vimegusana, vidole vinatazama nje. Hapo unakunja magoti yaelekee kule kule vidole vinakoelekea, visigino visiinuke. Hiyo ndiyo pliye. Kisha unatelezesha mguu mmoja sakafuni mpaka ibaki ncha ya vidole tu inayogusa chini, goti limenyooka, halafu unaurudisha ulikotoka. Majina yote ni ya Kifaransa, nami nayatamka Kitemeke. Hii ya mwisho naiita tandu.

Naam, tandu kama yule mdudu. Jioni moja nahesabu kwa sauti, "Tandu mbele, tandu pembeni, tandu nyuma," mara mlango ukagongwa. Nikafungua kidogo. Alikuwa mama muuza vitumbua wa chumba cha pili, ameshika fagio.

"Mwanangu, wako wangapi humo?"

"Shikamoo mama. Walikuwa watatu, nimeshawaua."

"Marahaba. Angalia na chini ya godoro, huko ndiko wanakopenda kujificha."

Nikafunga mlango nikacheka peke yangu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika habari hii, nami niliuona mtamu. Chini ya godoro hakukuwa na tandu. Kulikuwa na kaunta buku zangu, ambazo pia hakuna aliyezijua.

Wiki ya pili nikajiumiza. Miguu ya mwalimu kwenye video inafunguka kama kitabu kilicholazwa mezani. Nami nikalazimisha yangu ifunguke vile vile, nikawa nakanyagia saruji na kuzisokota nyayo kwa nguvu. Goti la kulia likavimba. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mguu hufungukia kwenye nyonga, juu kabisa, wala si kwenye kifundo. Nyonga ikikupa kidogo, chukua hicho kidogo. Ukiiba zaidi kwa nyayo, goti ndilo litakalolipa. Nikajifunza pia kutorukaruka kwenye saruji tupu, maana sakafu hiyo haina huruma na mifupa ya miguu. Vile viatu vya kusimamia vidole nikavisahau kabisa. Si vitu vya anayeanza, tena anayeanza bila mwalimu.

Ubaya wa kujifunza nyumbani ni huo: hakuna wa kukwambia. Kioo unacho, lakini ukigeuza shingo ujitazame, mkao umeshaharibika, na unachokiona sicho ulichokuwa unakifanya. Goti lilipopona nikajihesabu nimeshakuwa mjuzi wa nyonga.

Sasa, watu wana hoja zao, nami nilikuwa nimeziandalia majibu yote kichwani kama wakili.

Wa kwanza atasema samaki mkunje angali mbichi. Kweli. Mmarekani Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na katika fani hiyo wakamwona amechelewa. Alifika: mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupewa cheo cha mchezaji mkuu katika kikundi cha American Ballet Theatre. Lakini yeye alikuwa na 13, mimi nina 26. Mimi si samaki mbichi, ni ng'onda. Sitakuwa mchezaji hata siku moja, na sijawahi kujidanganya katika hilo.

Wa pili atasema hiyo ni ngoma ya wazungu. Nami namuuliza, wazungu wepi? Ilizaliwa katika makasri ya Italia na Ufaransa. Louis wa 14 mwenyewe aliicheza mwaka 1653 akiwa na miaka 14, amevalishwa kama Jua, na mwaka 1661 akaanzisha akademia ya densi. Mkulima wa Kifaransa hakupewa kadi ya mwaliko. Waliobaki nje waliingia baadaye kwa miguu yao. Arthur Mitchell, mchezaji mweusi wa New York, aliguswa na kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968, na mwaka uliofuata, 1969, yeye na Karel Shook wakaanzisha Dance Theatre of Harlem ili watoto wa mtaa alikokulia nao waipate. Na hapa kwa jirani, Nairobi, Mike Wamaya amewafundisha baleti watoto wa Kibera ndani ya darasa la kawaida, madawati yakisogezwa ukutani.

Wa tatu atasema ni mchezo wa kike. Huyo nilimwandalia jibu tamu kuliko wote. Kwenye jukwaa la Opera ya Paris, wanawake wa kulipwa walianza kucheza mwaka 1681. Kabla ya hapo walikuwa wanaume, na sehemu za wanawake waliigiza wao wao.

Wa nne, na huyu yuko kila kijiwe, atauliza: itakulipa nini? Kwa kweli haitanilipa kitu. Na swali hilo hilo anaulizwa kila mmoja wetu anayeandika hadithi bila mchapishaji. Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe, aliucheza mdundiko mpaka magoti yakamgomea, na sikuwahi kusikia mtu akimuuliza unalipa kiasi gani. Lakini hapa, msomaji, ningepaswa kusimama nifikiri kidogo, nami sikusimama. Bibi alijifunza njiani, katikati ya watu. Ngoma inapita, mtoto anajiunga, akikosea anavutwa mkono, wanamcheka, anaendelea. Hakuna aliyejifungia ndani kujifunza mdundiko.

Basi hoja nilikuwa nazo, na tarehe zake. Siku ilipofika sikutumia hata moja.

Ilikuwa Jumamosi jioni, uani kwetu. Watu wamepanga ndoo bombani, wengine wamekaa barazani na michapo yao. Pale nyumbani kuna mtoto wa kiume wa miaka minane, anaishi na mjomba wake, fundi wa kuchomelea mageti. Wavu wa dirisha langu una tundu, na pazia langu lina tundu, na mtoto ana macho. Ukijumlisha utapata jibu. Dogo akasogea kwenye pipa la maji, akashika ukingo wake kwa mkono mmoja, akasimama mkao wa kwanza. Akakunja magoti. Akapeleka mguu mbele, pembeni, nyuma. Wallahi alifanya vizuri kuliko mimi. Hakuwa anachekesha watu, uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu.

Watoto wenzake wakaanza kumzomea, na wakubwa wakaangua kicheko. Mjomba wake akatoka ndani.

"Wewe, nani kakufundisha kujibinua namna hiyo?"

Mtoto akanitazama. Alinitazama tu, hakunyoosha kidole. Uani pakawa kimya kidogo, na macho mawili matatu yakafuata ya kwake yakanifikia. Nami nikasema, tena kwa sauti ya kuchangamka:

"Ah, watoto wa siku hizi bwana! Wanaokota kila kitu kwenye tivii."

Watu wakacheka tena, nami nikacheka nao. Mjomba akampa dogo konzi moja ya utosini na kumwambia aende akachote maji kama wanaume wenzake. Mtoto akachukua ndoo. Hakulia, wala hakusema kitu. Siri yangu aliitunza yeye, mwenye miaka minane, na konzi juu.

Usiku ule nilifunga komeo nikashika mbao ya kitanda, nikashindwa hata pliye moja.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kulichambua neno ambalo nilikuwa najifariji nalo: faragha. Nilikuwa nasema, haya ni mambo yangu ya faragha, kila mtu anayo. Kweli kila mtu anayo. Kuoga ni faragha, lakini ukiulizwa kama unaoga hutamsingizia jirani. Jambo la faragha ukiulizwa unaweza kusema, "Hayo niachie mwenyewe," huku umemtazama mtu usoni. Jambo la aibu ukiulizwa utatafuta wa kumsukumia. Kwa macho ya mpita njia, mlango uliofungwa kwa faragha na mlango uliofungwa kwa aibu ni mlango ule ule. Utaijua tofauti siku mtu mwingine atakapobanwa vidole humo.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ajianike uani. Wapo wanaoficha mambo yao kwa sababu wakijulikana watapigwa, au watafukuzwa nyumbani, na mimi si hakimu wao. Lakini mimi nilikuwa nakabiliwa na nini? Kicheko. Kodi nilikuwa nimelipa ya miezi mitatu, kazi ninayo, mwili mzima. Kwenye mizani kulikuwa na kicheko cha jioni moja upande huu na utosi wa mtoto upande ule, nami nikachagua kuokoa masikio yangu.

Kuna jingine lililonisuta zaidi. Miezi yote ile nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimejifunza unyenyekevu. Mtu mzima mwenye ndevu anayekubali kuanza kama mtoto wa chekechea, anayekubali kuonekana hajui! Lakini kuonekana na nani? Na kioo kilichopasuka. Unyenyekevu wa chumbani hauna gharama. Hata mwenye kiburi akijifungia ndani ni mnyenyekevu. Mtoto yule alifanya kwa dakika mbili kile nilichodhani nakifanya kwa miezi minane: alianza kitu asichokijua mbele ya watu.

Ilinichukua siku tisa. Nazitaja ili usidhani niliamka kesho yake na ushujaa. Siku ya tisa nikaenda kwenye kijiwe cha fundi. Alikuwa anachomelea, nikasubiri mpaka akazima mashine na kufunua kinga ya uso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Fotokopi. Unataka geti?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya dogo. Ule mchezo wa siku ile aliuona kwangu. Mimi ndiye ninayeucheza."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akarudi juu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Isipokuwa umeme ukikatika."

Akacheka mpaka akakaa juu ya vyuma vyake. Nilisimama pale nikacheckwa, na nakiri kwamba haikuua. Alipomaliza kujifuta machozi uso wake ukabadilika.

"Sasa siku ile ulinyamazia nini? Konzi yangu hairudi."

"Ndiyo nimekuja."

"Usinijie mimi. Mfuate yeye."

Nikamfuata yeye. Nikamkuta uani, nikachuchumaa tukawa urefu mmoja, nikamwambia nilisema uongo na konzi ile ilikuwa yangu, anisamehe. Akasema, "Sawa." Nikamwambia akitaka aje, mlango utakuwa wazi, tufanye pamoja. Akafikiri. "Mimi siku hizi nacheza mpira, kaka." Akaondoka.

Huenda angeliacha hata bila konzi. Watoto ndivyo walivyo, leo hiki kesho kile. Huenda asingeliacha. Hilo ndilo sitalijua, na ndilo ninalobaki nalo. Msamaha nilipewa. Ile jioni ya mtoto kushika pipa na kusahau watu sikuweza kumrudishia.

Mtaa ulicheka wiki mbili hivi. Mama wa vitumbua alinisimamisha asubuhi akasema, "Kumbe wale tandu hukuwaua!" Tangu siku hiyo Kaka Fotokopi akafa, siku hizi naitwa Kaka Tandu. Kuna mshikaji mmoja alipunguza kunisalimia, kisha akazoea. Baada ya hapo likaja tatizo la mkopo wa mama fulani wa nyumba ya tatu, watu wakapata la kuongea zaidi.

Mlango siku hizi nauacha wazi, kwanza kwa ajili ya joto. Jioni moja, mwezi uliopita, niko kwenye pliye, dogo akapita na mpira kwapani. Akasimama mlangoni. Nikaendelea, nimebana pumzi. Akatazama kwa muda, kichwa amekilaza upande.

"Kaka, goti lako linaangukia ndani."

"Lipi?"

"Hilo. La huku." Akaonyesha la kulia. "Siku zote linaangukia ndani."

Kisha akaenda zake uwanjani.

Msomaji, alikuwa amesema kweli. Goti lile lile lililovimba wiki ya pili bado lilikuwa linaingia ndani kila nilipokunja, nami mjuzi wa nyonga sikuliona hata mara moja kwenye kioo. Yeye aliliona kupitia tundu la wavu. "Siku zote," alisema. Maana yake miezi yote ile nilipokuwa namwogopa mtu wa kuniona, dawa ya goti langu ilikuwa imesimama nje ya dirisha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nilikuwa nadhani tuzo inayosemwa ni noti za kubandikwa usoni na vigelegele. Siku hizi naona hata maneno ya yule mtoto ni tuzo: kwamba walio kwenu wanakuona, na wakikuona watakucheka, na wakishacheka watakwambia ukweli wa goti lako. Mimi nilicheza kwetu, lakini kwa komeo lile nilikuwa nimejihamisha ugenini.

Kwa hiyo, kwa swali letu, jibu langu ni hili. Kulificha jambo lisilo na ubaya si kosa mpaka siku litakapomhitaji mtu mwingine alipie, na ukificha kwa aibu siku hiyo haiko mbali. Ikifika, itakukuta umeshazoea kusema uongo mdogo mdogo mtamu, na mdomo utajibu kabla ya moyo. Mimi nilianza na tandu watatu niliosema nimewaua.

Jambo la mwisho, kwa ninyi mnaoandika kama mimi. Wiki iliyopita niliinua godoro, nikaitoa kaunta buku ya kwanza, nikampa mshikaji mmoja anayesoma sana na asiyejua kusifia. Bado hajairudisha. Tukikutana tunaongelea mpira, nami moyo unanidunda, najua humo kuna magoti mengi yanayoangukia ndani. Usingizi unanisumbua kidogo.

Wewe je, mwenzangu? Chini ya godoro lako kuna nini?